Kushusha nyuma ya gari kwa spesa za kutengeneza mwenyewe: milimita 50 ni nyingi mno?

BapaNne

Wakuu, naomba mawazo kabla sijaanza kukata chuma.

Gari ni stesheni wagoni ya zamani: injini mbele, linasukumwa na matairi ya nyuma, ekseli ya nyuma ni mhimili mmoja wenye difu (kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) katikati, na springi ni za bapa, nne kila upande. Mbele nilishaweka springi fupi na limetulia vizuri. Nyuma bado limenyanyua mkia na machoni pangu halipendezi hata kidogo.

Springi zinapita CHINI ya ekseli (nimelala nikaangalia, sibahatishi). Kwa hiyo mpango ni kuweka spesa (kipande cha kujaza nafasi) kati ya ekseli na springi, springi iteremke na bodi iifuate. Nina kipande kinene cha alumini kilichobaki kazini, mashine ya kuchonga chuma naweza kuitumia baada ya saa za kazi, na yubolti ndefu (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) nitaagiza. Nafikiria milimita 50.

Swali: kuna kitu sijakiona? Spesa zenyewe naona ni kazi ya jioni moja.

MzeeWaSpana

Hongera kwa kulala chini kwanza. Wengi wanaouliza swali hili hawajui springi yao iko juu au chini ya ekseli, na hapo ndipo kila kitu kinapogeuka. Springi ikiwa chini ya ekseli, spesa inashusha. Springi ikiwa juu ya ekseli, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi za foo wili, spesa ileile inainua gari. Huko anayetaka kushuka anaihamisha ekseli kutoka chini ya springi na kuipeleka juu yake, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, ya kuchomelea vikalio vipya (sehemu za ekseli inapokaa springi).

Kwa springi ya chini, njia yako ni ya zamani na inafahamika. Magari ya Ford Escort za mwanzo na MGB yameshushwa hivyo tangu enzi hizo. Uzuri wake ni kwamba springi yenyewe haiguswi: ugumu uleule, mpindo uleule, hata bushi za kwenye macho ya springi (ncha zake zilizokunjwa) hazipati msokoto mpya. Anayechomoa bapa moja ili gari lishuke anapata gari lililoshuka na kulegea kwa pamoja, na likibeba watu linakaa chini zaidi ya alivyotaka.

Hiyo 50 nawaachia wengine wakuhoji.

Kikokotoo

Umepima nafasi kati ya ekseli na ule mpira wa kugota ulio chini ya chesisi? Kabla ya kitu kingine chochote, leta hiyo namba. Mara mbili: gari tupu, na gari likiwa na watu na mizigo unayobeba kwa kawaida.

BapaNne

Sijapima. Kesho nitaleta.

DogoSlamu

Mbona mnamtisha mwenzenu? Kuna jamaa namfahamu aliweka vipande vya mbao ngumu, akafunga yubolti, anadunda nalo mpaka leo. Alumini ni anasa.

MzeeWaSpana

Dogo, mbao inabana vizuri siku ya kwanza. Baada ya hapo inakauka, inasinyaa, inalowa, inavimba, na kila mara yubolti inapoteza sehemu ya mkazo wake. Kinachoishikilia ekseli mahali pake ni ule mkazo. Ukipotea, ekseli inaanza kuteleza juu ya springi, na ekseli ikikaa mshazari gari linajiendesha kutoka nyuma.

Nailoni nayo ni hivyohivyo, inabonyea na kujitandaza polepole ikibanwa muda mrefu. Na wale wanaopanga mabamba membamba manne matano mpaka yafike unene wanaoutaka wanajitafutia shida ileile: kila maungio yanakaa kidogo, rangi iliyo katikati inasagika, na mkazo unashuka. Spesa iwe kipande kimoja. Kizima. Isiwe boksi la bomba lililochomelewa.

DogoSlamu

Sawa mzee wangu, nimekupata. Lakini alumini si laini? Uzito wote wa nyuma uko pale.

Kikokotoo

Hesabu yake ni fupi. Chukua spesa yenye uso wa milimita 60 kwa 120, hiyo ni milimita za mraba 7,200. Miguu minne ya yubolti ikikazwa vizuri, tuseme kila mmoja unavuta kilonewtoni 30, jumla 120. Gawanya: unapata takriban megapascal 17. Alumini ya daraja la 6061-T6 inaanza kukubali kubonyea kabisa karibu na megapascal 276. Hata ukiongeza uzito wa gari na mashimo ya barabara, uko mbali mno na ukomo.

Kwa hiyo hofu ya alumini kupondeka iwekeni kando. Cha kuangalia ni nyuso mbili za spesa: ziwe bapa na ziwe sambamba. Ikikaa juu ya kona mbili tu, ile hesabu ya milimita 7,200 haipo tena.

MzeeWaSpana

Na pini. Nimeona spesa nzuri kabisa za kung'aa zisizo na pini.

Springi yako ina senta bolti, ile inayofunga bapa pamoja. Kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli, na ndicho kinachoiambia ekseli ikae wapi. Ukiweka spesa katikati, kichwa hakifiki tena. Basi spesa iwe na tundu upande wa chini la kupokea kichwa cha senta bolti, na pini upande wa juu ya kuingia kwenye tundu la ekseli. Tundu na pini viwe kwenye mstari mmoja, na spesa ya kulia na ya kushoto ziwe pacha. Zikitofautiana milimita 3 kwa mbele au nyuma, umeshaiweka ekseli mshazari kabla hujaingia barabarani. Pini usiichomelee tu juu ya uso. Toboa, iingie kwa kubana, ndipo uisawazishe.

BapaNne

Nimepima.

Gari tupu, kutoka ekseli hadi mpira wa kugota: milimita 78, pande zote karibu sawa. Nikiwa na watu wanne ndani na buti lina mizigo ya safari: milimita 46.

Nadhani naona mnakoelekea.

Kikokotoo

46 toa 50 ni hasi 4. Gari lako likiwa na watu na mizigo lingekuwa limelala juu ya mpira likiwa limesimama tu, halijaona tuta. Springi hazingefanya kazi tena. Kila kibonde kingepiga moja kwa moja kwenye chesisi.

Na kumbuka jambo hili: ugumu wa springi haujabadilika. Anayeshusha kwa springi fupi kwa kawaida anapewa pia springi ngumu zaidi, ili safari fupi iliyobaki itoshe. Spesa haikupi hiyo zawadi. Unakata safari na unabaki na ulaini uleule.

DogoSlamu

Si akate mpira wa kugota, apate nafasi?

MamaGereji

Nimekuwa nasoma kimya ila hapa nimeona niingie.

Mwanangu, ule mpira haukuwekwa kwa ajili ya starehe peke yake. Upo ili ekseli isimame kabla tairi halijagusa upinde wa bodi, kabla shokapu haijafika mwisho wake ndani, kabla propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu) haijagonga mfereji wa sakafu, na kabla bomba la ekzosi linalopita juu ya ekseli halijabanwa. Ukiukata unaondoa mlinzi bila kujua anayemlinda ni nani. Kama umepima hivyo vinne na vyote vina nafasi, unaweza kuupunguza kidogo na kuweka mpira mfupi zaidi ulio laini mwanzoni. Bila kupima, hapana.

BapaNne, shokapu zako zimefungwa wapi chini? Kwenye ekseli yenyewe au kwenye lile bamba la yubolti lililo chini ya springi?

BapaNne

Kwenye bamba la yubolti, mama. Juu zimefungwa kwenye bodi.

MamaGereji

Una bahati. Bamba linateremka pamoja na springi, kwa hiyo urefu wa shokapu gari likiwa limesimama haubadiliki hata milimita moja. Walio na shokapu iliyofungwa kwenye ekseli, wakiweka spesa ya 40 shokapu inaingia ndani 40, na mara nyingi inagota kabla ya mpira. Shokapu inayogota kwa ndani inaharibika upesi na hata kuvunja mahali ilipofungwa. Hao wanahitaji shokapu fupi au kuhamisha kishikio.

Lakini bahati hiyo ina upande wake. Bamba, nati na ncha za yubolti sasa zinaning'inia chini zaidi. Pima kutoka ncha ya chini kabisa mpaka ardhini.

Kikokotoo

Wanaoshusha magari wana kanuni nzuri kuhusu hilo: kitu chochote kisiwe chini ya ukingo wa chini wa rimu. Tairi likipasuka, kinachobaki kushika barabara ni rimu, na kilicho chini yake ndicho kitakachokwangua lami.

Kwa rimu ya inchi 15, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa kukalia tairi ni milimita 190 na kitu. Sasa jumlisha: nusu ya unene wa mhimili tuseme 35, spesa 25, springi zote 40, bamba 10, nati na ncha ya yubolti 30. Hiyo ni 140. Inapita. Kwa spesa ya 50 ni 165, bado inapita lakini nafasi inaisha, na ukiwa na rimu ya inchi 13 (milimita 165) umefika mpakani. Ncha za yubolti zilizozidi zikatwe, ziache nyuzi mbili tatu nje ya nati.

BapaNne

Basi nateremka hadi 25. Tupu nabaki na 53, na mizigo nabaki na 21. Inaonekana kidogo.

MamaGereji

Ni kidogo. Ukibeba watu wanne kila siku ningekwambia 20 au uache kabisa. Kama mara nyingi uko peke yako, 25 inaendesheka, ila siku ya safari punguza mizigo na punguza mwendo.

Sasa niambie kuhusu breki. Angalia karibu na ekseli: kuna vali iliyofungwa kwenye bodi yenye mkono, na mkono umeunganishwa na ekseli kwa fimbo au springi nyembamba?

BapaNne

Ipo. Nilidhani ni ya kusawazisha ekseli.

MamaGereji

Hiyo ndiyo sababu nimeingia kwenye uzi huu.

Ile ni vali ya breki za nyuma inayofuata mzigo. Kazi yake: gari likiwa tupu, nyuma ni nyepesi, kwa hiyo vali inapunguza shinikizo la breki za nyuma zisije zikashika mapema. Ukipakia mizigo, bodi inakaribia ekseli, mkono unasogea, vali inaruhusu shinikizo zaidi kwa sababu sasa matairi ya nyuma yana uzito wa kuyashikisha barabara.

Vali haijui mzigo ni nini. Inajua umbali tu kati ya bodi na ekseli. Ukiweka spesa ya 25, umbali unapungua 25, na vali inaamini umepakia. Kwako wewe, watu wanne na mizigo walishusha gari 32 (78 toa 46). Yaani spesa yako ya 25 inaiambia vali kwamba gari lako tupu limebeba zaidi ya robo tatu ya mzigo huo. Unafunga breki kali kwenye lami iliyolowa, uzito unakimbilia mbele kama kawaida, nyuma inabaki nyepesi, na breki za nyuma zinapewa shinikizo la gari lililopakia. Matairi ya nyuma yanashika kwanza. Tairi la nyuma lililoshika haliwezi tena kulishikilia gari kwenye mstari, na mkia unataka kupita mbele.

Wanaoinua magari wanapata kinyume chake: vali inaona gari tupu daima, na breki za nyuma hazifanyi kazi ya kutosha hata likiwa limejaa.

Dawa si ngumu. Kabla hujalegeza nati yoyote, gari tupu, mahali tambarare, piga picha ya mkono wa vali ukiwa umeweka rula pembeni, au pima pembe yake. Ukimaliza kufunga spesa, mkono urudi palepale gari likiwa tupu. Unaupata kwa kurekebisha urefu wa fimbo au kusogeza kishikio chake cha kwenye ekseli kiasi kilekile cha spesa. Mahali pengine fimbo ina nyuzi na nati ya kufungia, pengine utatengeneza kishikio kipya. Usiifunge vali kwa waya ikae wazi, na usiiondoe.

Kikokotoo

Mama G, hii ndiyo posti ya uzi. Nimesoma maelekezo mengi ya kushusha kwa spesa yanayomaliza kwenye "kaza yubolti, furahia".

Naongezea tu: kila kinachopima umbali kati ya bodi na ekseli kitadanganyika. Unapaswa kukiuliza kimoja kimoja kama uongo huo una madhara.

Mtaa_wa_Xenon

Swali kuhusu hilo. Gari langu lina taa zinazojipanga zenyewe, kuna kihisi chenye mkono kama huo kwenye ekseli ya nyuma. Nacho nikirudishe mahali pake nikishusha?

MamaGereji

Hapana, hicho kiache. Kihisi cha taa kikiona nyuma imeshuka kinateremsha miale, na ni kweli: nyuma ikishuka pua ya gari inainuka na taa zinatazama juu. Hapo hakuna uongo. Ukirudisha mkono wake ulipokuwa, ndipo utakuwa umekidanganya na utawapofusha wanaokuja mbele yako. Hakikisha tu mkono haujafika mwisho wa safari yake.

Vali ya breki ni tofauti kwa sababu yenyewe inatumia umbali kukisia uzito, na uzito haujaongezeka.

Kikokotoo

Na kwa BapaNne ambaye hana kihisi: ulirekebisha taa baada ya kushusha mbele?

BapaNne

Ndiyo, nilizipandisha maana zilikuwa zinaangalia miguuni.

Kikokotoo

Basi utazirudisha chini. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ukiwa 2,600, kushusha nyuma 25 kunainua mwelekeo wa taa kwa 25 gawanya 2,600, karibu asilimia 1. Taa ya chini kwa kawaida hupangwa ishuke takriban asilimia 1, sentimita 10 kwa kila mita 10. Kwa hiyo spesa ndogo kama hiyo inafuta mteremko wote, na mwale unakwenda sawia mpaka machoni mwa mtu. Ukiwa na 50 ungekuwa unamulika paa za magari.

Weka gari mbele ya ukuta kabla ya kazi, chora mstari wa mwale kwa chaki, maliza kazi, rudisha gari palepale, shusha taa mpaka mstari uleule.

PropelaMoja

Mmesahau pembe ya difu. Spesa lazima iwe na mteremko, mbele nyembamba nyuma nene, la sivyo propela itatetemeka.

MzeeWaSpana

Tulia kwanza. Kwa nini iwe na mteremko?

PropelaMoja

Kwa sababu ekseli imepanda ukilinganisha na giaboksi, na pembe za propela zimebadilika.

Kikokotoo

Zimebadilika, ndiyo, lakini zote mbili kwa pamoja. Springi imefungwa kwenye bodi mbele na nyuma. Bodi ikiinama, giaboksi inainama nayo, na springi pamoja na kikalio cha difu vinainama kiasi hichohicho. Spesa ya nyuso sambamba inaacha shafti ya giaboksi na pinioni (gia ya kuingilia) ya difu vikiwa sambamba kama vilivyokuwa. Joini za propela zikiwa na pembe zilizo sawa, mtetemo wa moja unafutwa na wa nyingine. Propela ya milimita 1,300 na spesa ya 25 ni badiliko la takriban digrii 1.1 kwenye kila joini. Kama gari lilikuwa laini kabla, litabaki laini.

Spesa ya mteremko ingevunja usambamba huo. Inatumika pale ambapo umepima kwa kipima pembe ukakuta pinioni haipo sambamba tangu mwanzo. Kuweka mteremko kwa mazoea ndiko kunakoleta mtetemo.

PropelaMoja

Nimesoma tena polepole. Sawa, nakubali kwa spesa ya unene huu. Ila hilo la ekseli kujipinda mnaliruka. Ukikanyaga mafuta, ekseli inataka kuzunguka kinyume na magurudumu, na springi inajikunja umbo la S. Kwenye injini yenye nguvu matairi yanaanza kurukaruka.

Kikokotoo

Hapo uko sahihi. Kwa stesheni wagoni ya familia na spesa ya 25 haitaonekana. Kwa gari la mashindano wanafunga fimbo za kuizuia ekseli isizunguke.

KoiliTu

Wakuu samahani kwa kuingilia. Mimi gari langu ni la kusukumwa na matairi ya mbele, nyuma kuna springi za koili zilizosimama peke yake na shokapu pembeni. Nikate alumini niweke juu ya koili, nitashuka kiasi gani?

MzeeWaSpana

Utapanda, kijana. Kitu chochote unachokiweka juu au chini ya koili kinainua bodi. Hakuna spesa ya kushusha koili. Kushuka kwako ni springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, basi. Usiipashe koili moto ili ilegee. Chuma cha springi kikishapashwa kinapoteza ule ugumu wake na hakirudi.

Na spesa za rimu, zile za kutoa matairi nje, ni habari nyingine kabisa, hazihusiani na kimo. Nasema kwa sababu swali linalofuata huwa ni hilo.

KoiliTu

Ndilo lililokuwa linafuata haha. Asante mzee.

BapaNne

Nimerudi na matokeo, kwa atakayepita huku baadaye.

Spesa ni za alumini, kipande kimoja, unene 25, pini za chuma zimeingia kwa kubana. Nyuso za kubana nimeziacha safi bila rangi, pembeni nimepaka rangi kuzuia chumvi na maji visile alumini ilipokutana na chuma. Yubolti ni mpya, ndefu kuliko za zamani kwa 25, na nati mpya.

Nilifanya upande mmoja kwa wakati, upande mwingine ukiwa umefungwa, ili ekseli isihame. Bodi ilikaa juu ya stendi mbili chini ya chesisi na ekseli ikabebwa na jeki ya magurudumu kazi yote, sikuacha ining'inie kwenye paipu ya breki. Yubolti nilizikaza kwa mkono kwanza, kisha kwa kuvukavuka kona mpaka bamba likakaa sawa, na toki (nguvu ya kukaza) ya mwisho ya kitabu cha gari nikaiweka gari likiwa limesimama kwa matairi yake.

Vali ya breki: fimbo ilikuwa na nyuzi lakini hazikutosha, nikatengeneza kishikio kipya kwenye ekseli. Mkono umerudi kwenye picha. Nilijaribu breki mahali pa wazi pasipo na watu, nikianzia mwendo mdogo. Mbele zinashika kwanza, gari linasimama limenyooka.

Paipu ya breki sasa ina ulegevu zaidi, nikaifunga isiguse ekzosi. Ekzosi ilikuwa karibu mno na ekseli upande wa kushoto, nikapandisha vishikio vyake kidogo.

Muonekano: ndivyo nilivyotaka. Uendeshaji: kwenye kona sioni tofauti kubwa, nilitarajia lilale kidogo zaidi ya ilivyo.

Kikokotoo

Usingeiona. Kwenye springi za bapa, kituo ambacho nyuma ya gari inalalia kinafuata kimo cha springi. Umeshusha bodi 25 na springi 25, kwa hiyo umbali kati ya uzito na kituo hicho kwa nyuma umebaki uleule. Umepata faida ya uzito kuwa chini, ambayo kwa 25 ni ndogo. Anayetaka gari lisilale kwenye kona atafute kitu kingine, spesa hizi ni za macho kuliko za mwendo.

DogoSlamu

Za macho zinatosha. Picha iko wapi?

MamaGereji

Picha baadaye. Yubolti mpya hujinyoosha na maungio hukaa, toki inashuka. Zikaze tena baada ya kilomita mia chache, gari likiwa chini, na uangalie kama kuna alama ya kung'aa pembeni mwa spesa. Alama ya kung'aa maana yake kuna kitu kinasogea. Na visha tai ndogo ya plastiki (ya kufungia nyaya) kwenye fimbo ya shokapu kama fimbo iko wazi: isukume mpaka ishikane na mwili wa shokapu, endesha siku kadhaa na siku moja ya mizigo, kisha angalia imesukumwa hadi wapi. Utajua kwa kweli hizo 21 zinatosha au hazitoshi.

Na ujulishe bima yako. Nchi nyingi badiliko la mfumo wa springi linatakiwa kukaguliwa au kuandikishwa, na ajali ikitokea ndilo jambo la kwanza watakalolitafuta chini ya gari.

BapaNne

Nimevisha tai asubuhi hii. Bima nimewaandikia, wametaka picha na vipimo, nimetuma ile ya mkono wa vali pia.

DogoSlamu

Yaani bima wamepata picha kabla yetu.

PropelaMoja

Tai ikisukumwa, tuandikie ilifika milimita ngapi ukiwa tupu na ngapi ukiwa na mizigo. Nina gari lenye springi za chini na nafasi ya 70 tu, nataka kujua kama 20 inanifaa.